Lugha ya kutangaza michezo ya wanawake: nini kitoke, nini kibaki, na wasikilizaji tuwajibu vipi?

Meza_ya_Michezo (Busia)

Salaam kwenu wote. Nahitaji msaada wa watu wanaoijua kazi hii kwa undani. Redio yetu ya jamii hapa mpakani inatangaza kwa Kiswahili ligi ya wanaume, soka ya wanawake na netiboli. Tunaandaa mwongozo wa ukurasa mmoja, wa kubandikwa ukutani kwenye chumba cha matangazo, kuhusu namna ya kuwataja wachezaji wanawake.

Malalamiko yanatujia kutoka pande mbili. Kuna wasikilizaji waliochoka na "warembo wetu", "mabinti wetu", "anapiga shuti kama mwanaume", na ule mtindo wa kusimulia nywele na ndoa ya mchezaji kabla hatujaambiwa anacheza nafasi gani. Kuna wengine wanaosema hayo ndiyo madoido ya mpira, na tukiyafuta matangazo yatapoa na watu watahamia stesheni za Luganda.

Kwanza, kitenzi cha Kiswahili hakibagui. "Anakimbia" ni huyo huyo, awe mwanamume au mwanamke. Sasa ubaguzi unaingilia wapi hasa, tujue pa kuziba? Pili, tufanye nini na misemo kama "wamekufa kiume" pale timu ya wanawake inapofungwa baada ya kupambana? Tatu, ujumbe wa wasikilizaji unaowatukana wachezaji: tuusome tuujibu, au tuunyamazie? Nne, mtangazaji akiteleza hewani, asahihishe papo hapo au tusubiri mwisho wa kipindi? Naomba majibu yenye mifano.

Sauti_ya_Uwanja

Ndugu wa Busia, nitashika swali lako la kwanza kwa sababu mengine yote yanaliegemea.

Anza na majina. Sikiliza matangazo yoyote ya riadha: wanaume wanatajwa kwa jina la ukoo, Cheptegei, Kiplimo, Kiprotich. Wanawake wanatajwa kwa jina la kwanza, Peruth, Halima, Winnie, kama watoto wa jirani. Chagua mfumo mmoja uutumie kwa wote. Penye majina yanayofanana, wote wapewe majina kamili. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 Uganda ilikuwa na akina Cheptegei wawili: Joshua, aliyeshinda mita 10,000 kwa 26:43.14, na Rebecca, aliyekimbia marathoni. Si haki mmoja abaki "Cheptegei" na mwingine awe "Rebecca" tu. Tena kwa majina ya Kiganda kazi imerahisishwa: msikilizaji akisikia Nakaayi au Nanyondo ameshajua ni mwanamke. Kutanguliza "mwanadada" kila mara ni kula sekunde bure.

Halafu kuna sifa, na hapa nataka nikae kidogo. Mtangazaji anayesema "mrembo" mara nyingi hana chuki na mtu. Mpira umetoka nje, ana sekunde kumi tupu za kujaza, na kwenye karatasi yake kuna jina na namba ya jezi basi. Kwa mchezaji mwanamume angekuwa na klabu aliyotoka, mabao ya msimu, jeraha la goti, ugomvi na kocha wa zamani. Kwa mwanamke hana kitu, kwa hiyo anaeleza anachokiona kwa macho, nacho ni nywele na umbo. Mkimpiga marufuku bila kumpa cha kusema atanyamaza, au atarudi huko huko ndani ya dakika tano. Ndiyo maana miongozo mingi ya "usiseme hiki, usiseme kile" haidumu.

Dawa ni karatasi ya maandalizi. Kwa kila mchezaji anayeanza andika jina kama yeye mwenyewe anavyolitamka, namba, nafasi, klabu au shule, mguu anaoupendelea, jambo moja la kiufundi (mfano "hukata ndani kutoka winga ya kulia", "huruka mapema kwenye kona"), jambo moja la mechi iliyopita, na jambo moja la safari yake ya mpira. Mpigie meneja wa timu siku moja kabla, umwombe akurekodie majina yote kwa sauti kwenye WhatsApp. Ni kazi ya dakika mbili. Kwenye netiboli wanaoanza ni 14 kwa timu zote mbili. Ukiwa na mambo matatu kwa kila mmoja una vitu 42 vya kusema, na robo nne za dakika 15 hazitakukuta umekauka. Wachezaji wa akiba waandikiwe pia, angalau jambo moja moja, maana anapoingia mtu usiyemjua ndipo ulimi unapoteleza.

Mwisho kuna kulinganisha. "Kama mwanaume" haimwambii msikilizaji chochote kuhusu shuti. Mwambie umbali, mguu, mpira ulipita juu au chini, kipa alifanya nini. Chukua fainali ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Tokyo, Agosti 2021. Mtu angeweza kuitangaza hivi:

"Huyo binti yetu mrembo wa Sebei, jamani, anakimbia kama mwanaume, huyu msichana leo ana nini!"

Au hivi:

"Kengele ya mzunguko wa mwisho. Frerichs wa Marekani alikuwa ametoroka, Chemutai anamla, anamla, amempita! Kiunzi cha mwisho, amevuka safi, hakuna wa kumfikia. Dakika tisa, sekunde moja na nukta arobaini na tano! Peruth Chemutai, mwanamke wa kwanza wa Uganda kushinda dhahabu ya Olimpiki!"

Mtu mwenye redio pale Kapchorwa ameziona mbio katika maelezo ya pili. Na angalia kwamba neno "mwanamke" limo, kwa sababu hapo lina kazi: ni rekodi, na msikilizaji anastahili kuijua.

Kabla hamjaandika mwongozo, jipimeni. Rekodi robo moja ya netiboli na dakika 15 za mechi ya wanaume, mtangazaji yule yule. Chora karatasi yenye safu sita: jina, kitendo cha uwanjani, umri, familia, sura au mavazi, kulinganishwa na jinsia nyingine. Kila linapotajwa jambo piga mstari. Mfanye pamoja na mtangazaji mwenyewe, asikie sauti yake. Mstari uliojaa kwenye safu moja na kukosekana kwenye nyingine utawafundisha kuliko semina.

Kipenga_cha_Arua

Nakubaliana na Sauti. Nitaongeza ya netiboli kwa kuwa ndiko watangazaji wetu wanakoanguka zaidi. Wengi wametoka kwenye soka na sheria za netiboli hawazijui, basi wanajaza kwa "madada wanavyoringa na mpira".

Mambo ya chini kabisa ambayo mtangazaji awe nayo kichwani: wachezaji saba, kila mmoja na herufi kifuani na eneo lake. GS (mfungaji mkuu) na GA (mshambuliaji) peke yao ndio wanaofunga, na lazima wawe ndani ya nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 4.9. Pete iko mita 3.05 juu. Aliyeshika mpira ana sekunde 3 za kuutoa. Mlinzi lazima awe mita 0.9 kutoka mguu wa kutua wa mwenye mpira, akikaribia zaidi ni kosa. Ukiyajua haya, kipenga kikimlilia GD, yaani mlinzi wa goli, una la kusema: "GD amesogea mno, penalti, na sasa lazima asimame kando ya mpigaji bila kushiriki hadi mpira utoke." Usipoyajua utasema "warembo wamegusana kidogo hapo". Tunajua wote kwamba mtu hawezi kuheshimu mchezo asioufahamu.

Kuhusu rekodi, tafadhali liwekeni hili kwa wino mzito: ukisema "wa kwanza", hakikisha umehesabu na wanawake. Rio 2016, mtangazaji wa BBC John Inverdale alimpongeza Andy Murray kuwa mtu wa kwanza kushinda dhahabu mbili za tenisi za Olimpiki. Murray akamkumbusha hapo hapo kwamba Venus na Serena Williams wanazo kama nne kila mmoja. Kwetu Uganda mtego huo upo wazi. Stephen Kiprotich alishinda marathoni ya Olimpiki London 2012 na ya dunia Moscow 2013, na ni rahisi ulimi kuteleza ukamwita bingwa wa kwanza wa dunia wa riadha kutoka Uganda. Dorcus Inzikuru wa hapa kwetu West Nile alikuwa ameshalitwaa taji la dunia Helsinki 2005, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, tena mara ya kwanza kabisa wanawake kushindania mbio hizo kwenye mashindano hayo. Kwenye ukuta wenu bandikeni orodha ya mabingwa wa Uganda, wanaume na wanawake pamoja kwa mpangilio wa miaka: Akii-Bua 1972, Inzikuru 2005, Kiprotich 2012 na 2013, Nakaayi kwenye mita 800 Doha 2019, na kuendelea.

Tena kwenye She Cranes, timu yetu ya taifa ya netiboli, msiishie kusema "mabinti wetu wanatuwakilisha". Waliibuka wa saba duniani Liverpool 2019 na wa tano Cape Town 2023. Peace Proscovia, mzaliwa wa huku Arua, amechezea klabu za Uingereza na Australia kama mfungaji. Hizo ndizo habari.

Nnyabo_wa_Lugogo

Naheshimu waliotangulia, ila msiende mkaondoa kila neno lenye joto. Huku kwetu "dada" ni neno la heshima. Mama muuza ndizi pale Owino anaitwa dada, nesi anaitwa dada, na mtangazaji akisema "dada zetu wa She Cranes" wengi wanasikia udugu. Ningependa mwongozo wenu uruhusu "dada" pale ambapo mtangazaji huyo huyo angesema "kaka" au "ndugu" kwa wanaume. Kama kwenye mechi ya wanaume hasemi "kaka zetu wa Vipers" hata mara moja, basi "dada" yake imekuwa alama ya kutenga, aipunguze. "Vijana wa kocha fulani" linafaa kwa wote, na watu walishalizoea.

"Wasichana" libaki kwa timu za chini ya miaka 17 na 20, sambamba na "wavulana". Mchezaji wa miaka 28 mwenye mshahara na kodi ya nyumba ni mwanamke. "Mabinti" nalo linamfanya mtangazaji kuwa baba yao, litoke.

Majina rasmi ya timu msiyaguse. She Cranes, Crested Cranes, Lady Cranes wa raga, Kampala Queens, Lady Doves, Kawempe Muslim Ladies: hayo wameyachagua wenyewe au mashirikisho yao, yatamkwe kama yalivyo. Kinachorekebika ni upande wa pili. Ikiwa katika kipindi kimoja mnazungumzia timu zote mbili za soka za taifa, semeni "timu ya taifa ya wanaume" na "timu ya taifa ya wanawake". Msiseme "timu ya taifa" kwa mmoja na "ya wanawake" kwa mwingine.

Sasa "kiume". Kwa timu ya wanawake semeni "wamekufa wakipambana", "wamefungwa kishujaa", "wamesimama hadi kipenga cha mwisho". Kwa "jikaze kiume" semeni "jikaze" basi, halipungui chochote. Kwa wanaume sitapigana sana na "kufa kiume", ni msemo wa zamani na utatoka polepole. Lakini kuna kitu ambacho hamkukitaja nacho ndicho kinanikera zaidi: matusi ya kike kwa wanaume. "Ameanguka kama mwanamke", "beki anacheza kisichana", "analia kama mke wa mtu". Haya husemwa kwenye mechi ambazo hakuna mwanamke hata mmoja uwanjani, kwa hiyo mkipima matangazo ya wanawake peke yake hamtayaona. Msichana wa miaka 12 anayesikiliza na kaka zake anajifunza hapo hapo kwamba yeye ndiye kipimo cha udhaifu. Ongezeni safu ya saba kwenye ile karatasi ya Sauti: jinsia kutumika kama tusi, kwa mtu yeyote.

Msiogope eti lugha itaharibika. Mpigaji, mrushaji, kipa, beki, kiungo, refa, yote hayana jinsia. Wenzetu wa Kiingereza ndio walio na mzigo. Septemba 2021 klabu ya MCC, inayosimamia sheria za kriketi, iliondoa neno la "mwanamume mpigaji" ikaweka la "mpigaji", na watu wakalalamika kwamba mila imevunjwa. Sheria imebaki, kriketi inachezwa, na Victoria Pearls, timu yetu ya taifa ya kriketi ya wanawake, wanaitwa wapigaji kama wengine wote. Sisi Kiswahili kilitupa hilo tangu mwanzo.

Meza_ya_Michezo (Busia)

Asanteni sana, hasa kwa ile safu ya saba, kweli hatukuifikiria. Hoja ya dada nimeielewa: kipimo ni kama neno linatumika pande zote.

Swali dogo kuhusu uzazi na ndoa. Mchezaji akirudi baada ya kujifungua, watangazaji wetu humwita "mama" kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Tukatae kabisa? Wapo wachezaji wanaojivunia jambo hilo na wangependa litajwe.

Sauti_ya_Uwanja

Litajwe pale linapoeleza jambo la mchezo, mara moja, halafu uendelee na mpira. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mwaka 2018, akarudi, akashinda tena mita 1,500 Tokyo na Paris. Hapo uzazi unaeleza pengo la mashindano na ukubwa wa kurejea kwake, ni sehemu ya habari. Kumwita "mama" kila anapopita kona ni jambo jingine. Kwenye soka una hata sheria ya kueleza: tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji likizo ya uzazi ya wiki 14 kwa uchache akiwa analipwa angalau theluthi mbili ya mshahara, na klabu haiwezi kumfukuza kwa sababu ya ujauzito. Ukilisema hilo msikilizaji amejifunza, na wasichana wa akademia wamejua haki yao.

Kuhusu ndoa, jiulize kama ungeitaja ya mwanamume aliyefunga bao lile lile. Rio 2016 gazeti moja la Chicago lilimtangaza Corey Cogdell, aliyetwaa shaba ya kulenga shabaha, kama mke wa mchezaji wa Bears, timu ya mpira wa Kimarekani, na jina lake halikuwemo kwenye ujumbe ule. Watu walikasirika, na haki yao.

Studio_Mbale

Nijibu ya tatu na ya nne, maana ndiko redio nyingi zinakoaibika.

Kuteleza hewani: sahihisha papo hapo, sentensi moja, bila kulirudia neno lenyewe. "Nilivyomtaja Namba 9 haikuwa sawa, naomba radhi, ni mshambuliaji, na mpira uko kwake sasa." Ukisubiri mwisho wa kipindi, kipande cha sekunde 20 kimeshakatwa, kiko WhatsApp na TikTok, na radhi yako haimo ndani. Ukilirudia neno ili ulieleze, umewapa kipande cha pili. Na usiongeze "kama kuna aliyeumia". Hiyo inamsukumia lawama aliyelalamika.

Mwenzako wa mezani awe na ruhusa ya kuingilia. Paris 2024, Bob Ballard wa Eurosport alifanya mzaha kwamba waogeleaji wa Australia walioshinda dhahabu ya 4x100 wanachelewa kutoka kwa sababu ya kujipodoa. Lizzie Simmonds aliyekuwa naye alimwambia hapo hapo kwamba amepita mpaka. Kituo kikamwondoa kwenye matangazo. Wekeni ishara mnayoifahamu nyote, kwa mfano kugonga meza mara mbili kwa kidole, ikimaanisha "rekebisha sasa".

Tena maikrofoni ichukuliwe kuwa iko wazi muda wote. Januari 2011, Richard Keys na Andy Gray, watangazaji wa televisheni ya Sky ya Uingereza, walidhani hawasikiki wakamdharau mwamuzi msaidizi Sian Massey, wakisema mwanamke hawezi kuelewa sheria ya kuotea. Siku hiyo kwenye mechi ya Wolves na Liverpool uamuzi wake mgumu wa kuotea ulikuwa sahihi kabisa. Gray alifukuzwa, Keys akajiuzulu, ndani ya siku chache. Kwenye redio ndogo hatari ni kubwa zaidi kwa kuwa kitufe cha kuzima sauti mara nyingi kimechoka. Kipimeni kabla ya kila mechi: zima, mtu aongee, fundi asikilize nje.

Ujumbe wa wasikilizaji: mtangazaji asiwe ndiye anayeufungua. Mtu mwingine, hata mwanafunzi wa mafunzo, asome kwanza, aandike upya kwa kalamu zile zinazofaa, ampe karatasi. Hoja kali dhidi ya mchezo isomwe. "Pasi zao ni za polepole" ni hoja, jibu kwa kueleza kwa nini: timu inashikilia mpira makusudi, au uwanja umejaa maji. Msikimbilie kujibu kwa kulinganisha na wanaume, mtakuwa mmekubali uwanja wa mlalamikaji. Tusi la mwili lisisomwe hata kwa nia ya kulikemea. Na msisahau kwamba Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya 2013 ina viwango vya chini vya utangazaji. Kilichotoka hewani ni chenu, hata kama kimeandikwa na msikilizaji.

Kamera_Njeru

Fupi tu, kama mnarusha pia video kwa simu. Kwenye netiboli wengi wanasimamisha simu chini, nyuma ya pete, kwa sababu wanataka kuona mpira ukiingia. Pembe hiyo inaonyesha mapaja na sketi za walinzi kuliko mpira, na vipande hivyo ndivyo vinavyokatwa na kusambazwa na maneno machafu. Wekeni simu upande wa mstari wa katikati, juu ya jukwaa au meza, kimo cha mtu aliyesimama au zaidi. Mtaona pande zote mbili na nafasi za wachezaji. Kukuza picha kuishie kiunoni kwenda juu wakati wa mapumziko na mabadiliko. Paris 2024 mkuu wa utangazaji wa Olimpiki, Yiannis Exarchos, aliwataka wapiga picha wote wawapige wanawake na wanaume kwa namna moja. Kwa simu moja na kigoda hilo linawezekana vilevile.

Meza_ya_Michezo (Busia)

Hiyo ya pembe ya simu tunaibadilisha wikendi hii. La mwisho, nalo ni zito kidogo. Kila tukitangaza soka ya wanawake hupata ujumbe wa aina moja: "huyo namba fulani ni mwanaume, mkaguliwe." Wengine wanapiga simu wakiuliza hivyo hewani kabla hatujawahi kuwakata.

Kipenga_cha_Arua

Hapo msimame imara. Agosti 2021 Rais Samia wa Tanzania alizungumzia vifua vya wachezaji soka wanawake, akasema kwa wengine ungedhani ni wanaume, na lawama zilitoka pande zote za Afrika Mashariki, kutoka kwa wanasoka na watetezi wa wanawake. Kama kauli ya Rais haikuachwa ipite, ya mpiga simu msiiache ipite. Mliona pia yaliyompata bondia Imane Khelif wa Algeria Paris 2024: alikidhi masharti ya mashindano, akashinda dhahabu ya kilo 66, huku mitandao imejaa uzushi kuhusu mwili wake hadi akafungua malalamiko ya kisheria Ufaransa. Mchezaji wa ligi ya wilaya hana wakili. Anarudi kijijini na neno hilo likimfuata sokoni.

Ustahiki wa mchezaji ni kazi ya shirikisho, kwa barua, baina ya timu na ofisi. Si kazi ya mtangazaji wala mpiga simu. Kwa hiyo fundi awe na kidole kwenye kitufe, simu ikatwe neno linapoanza, na mtangazaji aseme "tunaendelea na mchezo" bila kutaja namba ya jezi iliyotajwa. Asitetee kwa kusema "hapana, ni mwanamke kweli kweli", maana naye atakuwa amefungua mjadala wa mwili wa mtu hewani.

Nnyabo_wa_Lugogo

Naongeza hapo. Ujumbe wa aina hiyo msiusambaze hata kwenye kundi lenu la kazi, kwa sababu picha ya skrini hutoka. Andikeni kwenye daftari tarehe, saa na namba iliyotuma, basi. Ukiwa na vitisho ndani yake, meneja wa timu aambiwe siku hiyo hiyo kwa simu, na polisi pia, mchezaji mwenyewe akiridhia.

Na mnapomtaja Rebecca Cheptegei, kama Sauti alivyofanya juu, tumieni maneno yaliyonyooka. Magazeti mengine yaliandika "ugomvi wa wapenzi". Alimwagiwa petroli akachomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya, akafariki Eldoret tarehe 5 Septemba 2024, siku 25 baada ya kumaliza marathoni ya Olimpiki akiwa wa 44. Aliuawa. Mtangazaji aseme hivyo, na kabla ya hapo aseme kwamba alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani, taji alilolitwaa Chiang Mai mwaka 2022.

Sauti_ya_Uwanja

Ndugu wa Busia, ukimaliza rasimu ya ukurasa ule iweke hapa tuipitie kabla hamjaibandika. Maneno ya kuepuka yasizidi mistari mitano. Nafasi yote inayobaki ipeni karatasi ya maandalizi, ikiwa tupu, ya kunakiliwa kila mechi, na namba ya simu ya meneja wa kila timu ukingoni.